Mwongozo kamili: kumtambua samaki, chura au mtambaazi uliyemkuta, kuanzia picha ya kwanza mpaka jina la kisayansi

Mtu akiona mnyama asiyemjua swali la kwanza linakuwa la rangi. Nimeona nyoka wa kijani, ni nani huyu? Nimenunua samaki mwekundu, anaitwaje? Alafu mtu wa pembeni anataja jina, na mambo yanaishia hapo. Tatizo ni kwamba kwenye makundi haya matatu rangi ndo inadanganya kuliko kitu kingine chochote. Samaki akishakufa rangi zake zinaanza kupotea muda si mrefu, vyura wa matete wakiwa wadogo wana rangi nyingine kabisa na wakikomaa wanabadilika, dume na jike wa nyoka mmoja wanaweza kuonekana kama spishi mbili. Kwaiyo hapa tunaenda kwa mpangilio mwingine: umbo kwanza, kuhesabu, mahali alipokutwa, rangi iwe ya mwisho, na jina lije baada ya hivyo vyote. Nimeandika kwa mtu wa kawaida mwenye simu na daftari, awe mwanafunzi, mvuvi, mtembeza watalii au mwenye shamba anayetaka kujua anaishi na nani.

Hatua ya 1: picha na maelezo, kabla hujagusa kitu

Usimshike. Kama ni nyoka usisogee hata kidogo, piga picha ulipo alafu vuta picha baadaye, simu za siku hizi zinatosha. Na nyoka aliyekufa naye usimshike kwa mkono, kichwa kilichokatwa bado kinaweza kung'ata kwa muda baada ya kukatwa, hii ni kweli kabisa na imeshaumiza watu.

Picha zinazosaidia sio zile za kupendeza. Samaki alazwe ubavu wa kulia ili ubavu wa kushoto ndo uonekane, kichwa kiwe kushoto (wataalamu duniani kote wanapiga hivyo, inakuwa rahisi kulinganisha), mapezi yafunguliwe, pembeni uweke rula. Chura: juu, ubavuni, na kama yuko kwenye kioo au chupa safi piga na tumbo na nyayo. Mjusi na nyoka: kichwa kwa upande, mwili mzima, mkia. Kasa na kobe: gamba la juu likiwa zima kwenye fremu, na kichwa kwa mbele.

Alafu andika mahali. Sio "Morogoro", andika kijiji, msitu, mto, mwinuko kutoka usawa wa bahari, saa ngapi, mvua ilinyesha au la, alikuwa juu ya jani au chini ya gogo. Watu wanapuuza hii lakini kwa Afrika Mashariki mahali peke yake panaweza kukata orodha ya majina kutoka mia mpaka matano, sababu milima yetu ya Usambara, Uluguru, Udzungwa na Taita ina wanyama ambao hawapo popote pengine. Chura wa Kihansi, Nectophrynoides asperginis, aligunduliwa 1996 kwenye maporomoko ya mto Kihansi, na makazi yake yote yalikuwa eneo dogo lenye manyunyu ya maji ya pale. Kinyonga wa Uluguru na wa Usambara wanaweza kufanana kwa macho yako na bado wakawa spishi tofauti.

Kama unaingia maeneo ya vyura, safisha buti zako na zikauke kabla ya kwenda msitu mwingine. Kuna ugonjwa wa fangasi unaoitwa kitridi, umemaliza vyura sehemu nyingi duniani, na matope ya kwenye viatu yanaubeba. Na ukilazimika kumshika chura mikono iwe na maji safi tu, isiwe na losheni wala dawa ya mbu, ngozi yake inanyonya kila kitu.

Hatua ya 2: kundi kubwa

Swali ni ngozi na pumzi. Samaki ana mapezi na matamvua maisha yake yote. Chura na ndugu zake wana ngozi laini yenye unyevu, haina magamba unayoyaona, na wengi wanaanza maisha kama viluwiluwi majini. Mtambaazi ana ngozi kavu yenye magamba, na wale wanaotaga mayai yao yana ganda, yanatagwa nchi kavu hata kama mama anaishi majini kama kasa.

Sasa kuna wanaovuruga. Kambale hana magamba lakini ni samaki. Kamongo wa Ziwa Victoria anapumua hewa kwa mapafu na ana mapezi membamba kama kamba, naye ni samaki. Pomboo, nyangumi na nguva sio samaki kabisa, angalia mkia: wa samaki umesimama wima na unapiga kushoto kulia, wa pomboo umelala na unapiga juu chini. Na mtu akikwambia ameona salamanda Tanzania au Kenya, hapana, kundi hilo halipo huku, alichoona kitakuwa mjusi wa ngozi ya kung'aa au kiluwiluwi ambaye ameshaota miguu ila mkia haujaisha.

Wale warefu wasio na miguu (hapa kaa kidogo)

Hii sehemu ndo watu wanaua wanyama bure kwa kuwa kila kirefu kinaitwa nyoka. Ukichimba shamba ukakuta kitu kirefu, pitia hivi.

Kama kina ngozi ya unyevu yenye mapete mapete, kina mdomo wenye taya na meno, na mkia karibu haupo, huyo ni sesilia, ndugu wa chura. Mnyoo wa ardhini hana taya, sesilia anazo. Taita wapo wanaoitwa Boulengerula taitana, na mwaka 2006 ilichapishwa kwamba watoto wake wanakula tabaka la nje la ngozi ya mama yao, ngozi inanenepa kwa mafuta na kujirudishia. Mnyama wa ajabu sana, na kazi yake shambani ni kula mchwa na minyoo, hana shida na mtu.

Kama ni kikavu, kinang'aa, magamba ya mgongoni na ya tumboni yana ukubwa ule ule, macho ni vidoti tu chini ya gamba, na mkia mfupi una kamwiba butu mwishoni, huyo ni nyoka kipofu. Hana madhara, kamwiba kale hakachomi sumu.

Kama magamba yamejipanga kwa mapete yanayozunguka mwili na macho karibu hayaonekani, huyo ni amfisbena, ndugu wa mijusi.

Kama ana kope zinazofumba au tundu la sikio, ni mjusi aliyepoteza miguu. Nyoka hana kope wala tundu la sikio. Ila mijusi wengine wa chini ya ardhi nao masikio yameziba, kwaiyo kama amekufa mgeuze kwa kijiti uangalie tumbo: nyoka wengi wana safu moja ya magamba mapana yanayokatiza tumbo zima, mjusi ana safu nyingi ndogo ndogo.

Na wa baharini mwenye pezi refu linalotembea mgongoni mpaka mkiani na tundu dogo la matamvua ubavuni ni mkunga, samaki. Anang'ata vibaya lakini sio nyoka.

Hatua ya 3: samaki

Anza na matamvua. Ukiona nafasi wazi kama mikato, mara nyingi mitano kila upande, hilo ni kundi kubwa la papa na taa, mifupa yao ni gegedu. Papa mikato iko ubavuni, taa iko chini. Kuna wale wenye kichwa bapa na mwili wa papa kabisa, sokoni wanauzwa kama papa, geuza tumbo juu uone: mikato iko chini, huyo yuko upande wa taa. Ukiona kifuniko kimoja kigumu kila upande, ni samaki wa mifupa, na hawa ndo karibu wote unaokula.

Kwa samaki wa mifupa kazi ni mapezi. Pezi la mgongoni ni moja au mawili? Sehemu ya mbele ni miiba migumu au ni laini? Hesabu miiba. Tasi kwa mfano ana miiba 13 mgongoni na 7 kwenye pezi la nyuma ya tumbo, na mapezi yake ya tumboni yana mwiba mbele na mwiba nyuma, hakuna familia nyingine yenye hiyo, na miiba ina sumu inayouma sana kwaiyo hesabu akiwa amelala, usibonyeze. Jodari, nguru na kibua wana vipezi vidogo vidogo vimejipanga kati ya pezi la pili la mgongo na mkia, hiyo ndo familia yao. Nguru umtofautishe kwa mstari wa ubavuni ambao ukifika chini ya pezi la pili unashuka ghafla. Kolekole na ndugu zake wengi wana magamba magumu makali kwenye mstari huo karibu na mkia, pitisha kidole taratibu utayasikia.

Pono na bunju wote wana meno yaliyoungana kama mdomo wa kasuku, na hapa kosa linaweza kuua. Pono ana magamba makubwa mwili mzima. Bunju hana magamba ya kawaida, ngozi tupu au ya vijimiba, anajijaza akishtuka, na sumu yake haiishi kwa kupika. Usiwe na haraka ya jina hapo, usimle basi.

Maziwani: sato, perege na furu wote ni familia moja, wana tundu moja tu la pua kila upande wakati samaki wengi wana mawili, na mstari wa ubavuni umekatika vipande viwili. Sato angalia mkia, una michirizi ya wima iliyopangika vizuri. Sangara aliingizwa Ziwa Victoria miaka ya 1950, mkia wake ni wa mviringo na macho yanawaka njano kwenye mwanga. Kambale ana jozi nne za masharubu na pezi refu la mgongo lisilo na mwiba hata mmoja. Gogogo ana mwiba mkali mbele ya pezi na kipezi cha nyama nyuma yake. Na ukisema dagaa taja ziwa, maana wa Victoria ni Rastrineobola argentea na wa Tanganyika wengi ni Stolothrissa tanganicae, hao ni familia tofauti kabisa, mmoja yuko upande wa ningu wa mitoni na mwingine upande wa sadini.

Mmoja ambaye kila mvuvi wa Tanga anatakiwa kumjua ni silikanti. Mapezi yake yameota juu ya vikonyo vya nyama kama vijimkono, mkia una sehemu tatu, mwili una madoa meupe. Dunia ilidhani amekwisha zamani za dinosaria mpaka mmoja akavuliwa Afrika Kusini mwaka 1938, na kuanzia 2003 wamenaswa kadhaa kwenye nyavu za Tanga, ndo maana hifadhi ya bahari ya silikanti ilianzishwa pale 2009. Akinaswa piga picha, andika kina cha maji, toa taarifa ofisi ya hifadhi.

Hatua ya 4: vyura

Usiku, tochi ya kichwani, na simu ya kurekodi. Nasema kurekodi sababu dume anaimba wimbo wa spishi yake na vyura wawili wanaofanana kwa macho mara nyingi wanatofautiana kwa sauti. Dakika moja ya sauti safi inaweza kushinda picha kumi.

Kwa mwili, angalia nyuma ya macho: ukiona tezi mbili zimevimba, ngozi ya mabaka magumu, huyo ni wa familia ya Bufonidae, wale wanaokuja kula wadudu chini ya taa ya nyumba, na tezi zile zina sumu kwaiyo mbwa asimtafune. Angalia ncha za vidole: zikiwa bapa za mviringo, ni mpandaji, vyura wa matete na wa mitini. Ukikuta povu jeupe limening'inia juu ya maji kwenye tawi, humo kuna mayai ya Chiromantis, viluwiluwi wakiiva wanadondoka majini. Kucha nyeusi kwenye vidole vitatu vya mguu wa nyuma ni Xenopus, wa majini karibu muda wote, hana ulimi. Chura mkubwa mwenye vitu viwili kama meno kwenye taya ya chini ni Pyxicephalus, anatoka ardhini mvua kubwa zikianza. Mboni ya jicho nayo ihesabu, ya wima, ya kulala, andika.

Sio kila chura anapita kwenye kiluwiluwi. Wa Kihansi niliyemtaja anazaa vichura kamili. Porini ametangazwa kutoweka 2009, waliokuwa wamepelekwa bustani za wanyama za Bronx na Toledo Marekani wakazaana, na kuanzia 2012 wamekuwa wakirudishwa Kihansi.

Hatua ya 5: watambaazi

Kasa, hesabu mabamba makubwa ya ubavuni juu ya gamba, kila upande, sio yale madogo ya ukingoni. Yakiwa 4 ni kasa wa kijani au ng'amba, sasa nenda kichwani katikati ya macho na pua: jozi moja ya magamba ni kasa wa kijani, jozi mbili ni ng'amba. Yakiwa 5 au zaidi una spishi nyingine mbili za kuchagua. Hana mabamba kabisa, mgongo wa ngozi wenye mistari mirefu iliyoinuka, huyo ni yule mkubwa kuliko wote, kasa wa mgongo wa ngozi. Kobe wa nchi kavu ni rahisi zaidi, aliye bapa anayejibana kwenye nyufa za mawe ni Malacochersus tornieri, wa Kenya na Tanzania hasa, na anayekunja gamba la mgongoni kwa nyuma ni Kinixys. Wale wakubwa sana wa kisiwa cha Changuu Zanzibar asili yao ni Aldabra, Shelisheli.

Mijusi: mjusi kafiri hana kope zinazofumba, anajilamba jicho. Kinyonga unamjua, cha kuangalia ni pembe na mikunjo ya shingoni: pembe tatu kwa dume ni Trioceros jacksonii au ndugu zake wa jenasi hiyo, mikunjo ya ngozi kama masikio ni Chamaeleo dilepis, kadogo ka kahawia kenye mkia mfupi na umbo la jani kavu ni Rhampholeon au Rieppeleon. Niseme wazi, hakuna kinyonga wala mjusi wa Afrika Mashariki mwenye sumu ya kumdhuru mtu, waache waishi. Mjusi wa bluu wa msitu wa Kimboza, Lygodactylus williamsi, nusura aishe kwa sababu ya kukamatwa na kuuzwa nje, na jike lake ni kijani, tena tunarudi kule kule kwenye rangi.

Nyoka. Sahau zile kanuni za "mboni ya wima ana sumu" na "kichwa cha pembetatu ana sumu". Koboko na swila wana mboni za duara na wanaua. Nyoka mla mayai ana mboni ya wima na hana sumu kabisa, hana hata meno ya maana. Nyoka wa familia ya kifutu anayeitwa Causus ana mboni ya duara. Kwa huku kwetu kanuni hizo zinakuingiza kaburini.

Wa kijani wako watatu wanaochanganywa kila siku. Mamba wa kijani: kichwa kirefu chembamba, magamba laini, kijani sawasawa mwili mzima, misitu na miembe ya pwani. Boomslang: jicho kubwa sana, kichwa kifupi, magamba yana mstari ulioinuka katikati, na jike mara nyingi ni kahawia wala sio kijani. Philothamnus: mwembamba, hana hatari, anakula vyura karibu na maji, safu za magamba katikati ya mwili ni 13 au 15 wakati wale wawili wa kwanza kawaida ni 17 mpaka 21. Safu unazihesabu kwa nyoka aliyekufa au kwenye picha kali, hai hapana. Koboko naye sio mweusi, ni kijivu au kahawia, weusi uko ndani ya mdomo.

Mwaka 1957 bwana Karl Schmidt wa makumbusho ya Field, Chicago, mmoja wa wataalamu wakubwa wa nyoka duniani, aliletewa nyoka mdogo kutoka bustani ya wanyama ya Lincoln Park amtambue. Kila kitu kilionyesha boomslang ila gamba la kwenye tundu la haja halikuwa limegawanyika kama ilivyotakiwa, akasita, akamshika kumwangalia vizuri, akang'atwa kidole gumba, siku iliyofuata akafa. Alama moja isiyolingana isikufanye utupe nyingine zote, na mashaka yakiwepo unamchukulia mnyama kama yule wa hatari zaidi.

Ukiumwa: tulia, usikate, usifunge kamba, usinyonye, kiungo kisitikisike, nenda hospitali haraka. Usimfuate nyoka ili umpeleke, picha inatosha. Swila akikutemea macho, osha kwa maji mengi hapo hapo kisha hospitali.

Hatua ya 6: kupanga na kuandika jina

Sasa teremka: ngeli, oda, familia, jenasi, spishi, na usimame pale ushahidi unapoishia. Kuandika "Hyperolius sp." (yaani jenasi naijua, spishi bado) ni jibu sahihi na la heshima kuliko kubahatisha. Jenasi inaanza na herufi kubwa, spishi ndogo, zote zinalazwa italiki. Na usishangae mpangilio ukipingana na macho: kamongo na silikanti wako karibu zaidi na sisi kuliko na sangara, na mamba wa mtoni yuko karibu na ndege kuliko na kenge. Mpangilio unafuata ukoo, kufanana sio kigezo.

Picha zipandishe iNaturalist (tovuti na app ya kutambua viumbe) pamoja na mahali na tarehe, wataalamu wanapita huko. Jina la kompyuta lichukulie kama pendekezo, linganisha na alama ulizohesabu wewe, alafu angalia ramani kama spishi hiyo inafika ulipo. Kwa wanyama wanaowindwa na wafanyabiashara, kinyonga na kobe hasa, ficha mahali halisi. Kukamata au kukusanya wanyamapori bila kibali ni kosa kisheria, utafiti Tanzania unapitia TAWIRI (taasisi ya utafiti wa wanyamapori) na Kenya unapitia WRTI (taasisi ya utafiti na mafunzo ya wanyamapori).

Na kama hakuna jina linalokaa, usilazimishe. Swila mkubwa anayetema wa pwani ya Kenya alihesabiwa miaka yote kama swila mwenye shingo nyeusi wa rangi ya kahawia, mpaka 2007 akapewa jina lake, Naja ashei, kwa heshima ya James Ashe wa Watamu. Ukikuta mnyama wa hivyo amekufa barabarani, piga picha zote za hatua ya kwanza, wasiliana na idara ya zoolojia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam au Makumbusho ya Taifa ya Kenya, Nairobi, wao wana kibali na watakwambia kama wanamhitaji na ahifadhiwe vipi. Wakisema ndiyo, lebo yake iandikwe kwa penseli, wino wa kalamu unayeyuka kwenye spiriti.